Daktari Hakutudai Kitu, Lakini Tulibaki na Deni

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka taratibu)

Jambo mama unayechambua maharagwe mlangoni. Jambo baba uliyetoka shambani sasa hivi. Jambo na wewe kijana uliyeshika karatasi hii na kuisomea kikundi kwa sauti. Mimi ni mtangazaji wenu, mkimbizi kama ninyi, naishi hapa Nakivale.

Leo tunaongea juu ya upasuaji, ule ambao wengi wetu tuliotoka Congo tunauita operasio. Sitawaeleza namna daktari anavyopasua, hiyo ni kazi yake. Nitaongea juu ya pesa. Ninataka tujibu swali moja ambalo watu hunong'ona mlangoni pa kituo cha afya: kama hospitali ya serikali hapa Uganda ni ya bure, kwa nini mtu akipasuliwa, nyumba yake inabaki na deni?

Nitaanza na nyumba yetu, kwa sababu hesabu yake ninaijua.

Baba yangu alikuwa na ngiri, wengine wanasema henia. Ulikuwa uvimbe kwenye kinena, mdogo kama yai la kuku. Akilala unarudi ndani, akibeba jerikani ya maji unatoka. Aliishi nao miaka minne. Muuguzi alimwambia mara mbili: "Mzee, hii inashonwa. Ukienda mapema, ni kazi ya siku mbili unarudi nyumbani." Baba akajibu, "Nitakwenda mahindi yakikomaa." Hapa kwetu mahindi hukomaa mara mbili kwa mwaka. Yalikomaa mara nane, na baba hakwenda.

Hakuwa mzembe. Alikuwa anaogopa deni. Kule Kivu ya Kusini aliona kwa macho yake shangazi yetu akijifungua kwa kupasuliwa, kisha akazuiwa hospitalini wiki tatu na mtoto mchanga mikononi, mpaka ukoo ukapata pesa za kumtoa. Wengi wenu mnazijua habari za namna hii. Tulivuka mpaka na nguo chache, lakini woga huo tulivuka nao pia.

Usiku mmoja uvimbe ukawa mgumu kama jiwe. Baba akaanza kutapika, tumbo likajaa. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshatoka na mama mwingine aliyekuwa na uchungu wa kuzaa. Tukakodi gari. Tulipofika kwenye hospitali ya serikali, madaktari walikuta kipande cha utumbo kimebanwa na kimekufa. Walikikata, wakaunga, wakamwokoa baba. Sina lawama nao. Mpaka leo nawaombea.

Sasa chukueni kalamu, tuandike hesabu pamoja.

Daktari wa upasuaji: sifuri. Kitanda: sifuri. Chumba cha upasuaji: sifuri.

Gari la usiku: shilingi 180,000. Vipimo na picha ya tumbo tulivyoagizwa kufanya nje: 70,000. Glavu, uzi wa kushonea, mpira wa mkojo na dawa zilizokuwa zimeisha, tukanunua duka la dawa: 115,000. Chakula cha baba na cha mama aliyekuwa mlinda-mgonjwa, siku 11 kwa shilingi 8,000 kila siku: 88,000. Safari nne za kwenda na kurudi, shilingi 20,000 kila moja: 80,000.

Jumlisheni. Ni shilingi 533,000.

Bado hatujamaliza. Pesa hizo hatukuwa nazo. Tuliuza mbuzi wawili, tukauza mahindi yakiwa bado mabichi shambani, kwa bei ya mnunuzi aliyejua tuna shida. Zilizobaki, shilingi 200,000, tulikopa kwa mtu, na kila mwezi tulimpa 20,000 za juu. Miezi sita ni 120,000. Kwa hiyo hospitali ya bure ilitugharimu shilingi 653,000. Na mdogo wangu wa kike alikaa nyumbani muhula mzima, kwa sababu pesa ya shule ndiyo tuliyoigusa kwanza.

Jirani yetu mmoja alikuwa na ngiri kama ya baba. Yeye alikwenda mapema, mchana, na barua ya kituo cha afya mkononi. Safari yake na ya mke wake, kwenda na kurudi: 80,000. Glavu na dawa: 22,000. Chakula cha siku mbili: 16,000. Jumla 118,000. Ugonjwa ni uleule. Tofauti ya pesa ni zaidi ya shilingi 400,000, bila kuhesabu riba. Na jirani yetu leo analima. Baba anakaa kivulini.

(Muziki mfupi)

Ndugu msomaji, unaweza kufikiri haya ni ya wakimbizi tu. Sivyo. Wenyeji wetu Waganda wanaumia hivi hivi.

Serikali ya Uganda iliondoa malipo katika vituo vyake vya afya na hospitali zake mwezi wa tatu mwaka 2001. Zilizobaki na malipo ni zile wodi za kulipia ndani ya hospitali kubwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 nayo inatupa sisi wakimbizi haki katika nchi hii, ndiyo sababu leo unapanga mstari mmoja na mwenyeji katika kituo kimoja. Hilo ni jambo kubwa, na sisi tuliotoka mahali ambapo mgonjwa anaulizwa pesa kabla ya kuulizwa anaumwa wapi, tunajua uzito wake.

Malipo yalipoondolewa, watu maskini walianza kwenda kutibiwa kwa wingi kuliko zamani. Lakini watafiti walioangalia matumizi ya familia waliona kwamba mzigo mkubwa wa gharama haukupungua kwa wale maskini kabisa. Sababu moja waliyoitoa ni hii: dawa zilipokosekana kwenye vituo vya serikali, watu walizinunua nje. Mlango ulifunguliwa, lakini kabati la dawa lilikuwa tupu.

Mwaka 2017 ulitolewa uchunguzi mwingine, uliofanywa hapa jirani, katika hospitali ya rufaa ya Mbarara, ambayo ni ya serikali. Waliulizwa wagonjwa wa upasuaji karibu 300. Zaidi ya nusu walikuwa wamekopa ili wapate matibabu. Mmoja katika kila watano alikuwa ameuza mali. Na karibu mmoja katika kila watatu alitumia zaidi ya sehemu ya kumi ya matumizi ya nyumba yake ya mwaka mzima. Fikiri juu ya hilo. Ukigawa mwaka wako katika mafungu kumi, fungu moja zima, la chakula, sabuni, shule na nguo, linakwenda kwa ugonjwa mmoja.

Na dunia nzima je? Mwaka 2015 jopo la wataalamu walioitwa na jarida la madaktari la Lancet walitoa hesabu yao. Walisema watu bilioni 5 hawawezi kupata upasuaji ulio salama na wa bei wanayoiweza wakati wanapouhitaji. Walisema pia kwamba kila mwaka watu milioni 33 wanaangushwa na gharama za upasuaji wenyewe. Wengine milioni 48 wanaangushwa na gharama zilizo nje ya matibabu, kama usafiri, chakula na mahali pa kulala.

Linganisha hizo namba mbili. Milioni 33 wanaangushwa na upasuaji. Milioni 48 wanaangushwa na njia ya kuufikia. Kwa hiyo baba yangu, na gari lake la shilingi 180,000, hakuwa peke yake.

Wengine mtauliza, bima iko wapi? Hapa Uganda bado hatujaona bima ya afya ya taifa inayofanya kazi. Ndugu zetu walioko Rwanda wanaijua ile bima ya jamii inayoitwa mutuelle, ambapo kila mtu anachangia kidogo kwa mwaka kabla hajaugua. Ndugu zetu kutoka Burundi wanakumbuka kwamba tangu mwaka 2006 serikali yao ilisema mama anayejifungua na mtoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bila malipo, hata mama akijifungua kwa kupasuliwa. Hata huko dawa hukosekana na njia ni mbaya. Lakini mtu akijua kabla ya kuugua nani atalipa nini, hangoji mpaka utumbo ufe.

(Muziki mfupi)

Sasa tufanye nini? Siwezi kukudanganya kwamba akiba yako ndogo itajaza kabati la dawa la hospitali. Hiyo ni kazi ya serikali na ya mashirika, na lazima tuendelee kuwaambia. Tena tunajua hali ilivyo. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula umegawanywa kwa makundi, wengine wakapunguziwa, wengine wakaondolewa kabisa. Mtu asiyepata chakula cha kutosha, kumwambia aweke akiba ni kama kumwambia achote maji kwenye kisima kikavu. Hata hivyo kuna mambo tunayoweza kufanya, na mimi natamani mtu angeyasema nyumbani kwetu ile miaka minne.

Jambo la kwanza: uliza mapema. Ukiwa na uvimbe unaotoka na kuingia, mguu uliovunjika ukaunga vibaya, kidonda kisichopona, uvimbe kwenye titi, au mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, nenda kituo cha afya ukiwa bado unaweza kutembea. Muulize muuguzi maswali matatu. Hili linahitaji upasuaji? Linaweza kungoja muda gani? Nikienda, nitatakiwa kununua nini? Andika majibu. Usione aibu. Swali halina bei.

Jambo la pili: chukua barua ya rufaa. Kwetu mlolongo unaanza kwa mhudumu wa afya wa kijiji, kisha kituo cha afya, kisha kituo cha daraja la nne, ambacho kimewekwa ili kiwe na chumba cha upasuaji, kisha hospitali ya wilaya au ya rufaa. Mtu akijipeleka mwenyewe kwenye hospitali ya kibinafsi bila barua, kawaida hakuna anayemrudishia pesa. Ukiwa na barua, unaweza kuuliza kama kuna gari au nauli. Magonjwa ya kuhatarisha uhai hutangulizwa. Yale yanayoweza kungoja huangaliwa moja moja, kwa kadiri ya fedha zilizopo. Kwa hiyo jina lako likiandikwa, usikae nyumbani kungoja uitwe. Rudi uulize, na tena rudi.

Jambo la tatu: tafuta upasuaji usio na malipo kwa magonjwa yanayoweza kungoja. Chama cha madaktari wa upasuaji wa Uganda hufanya kambi za upasuaji, siku ambazo madaktari hukusanyika mahali pamoja na kuwatibu watu bila malipo. Magonjwa kama ngiri hutibiwa humo. Watoto wenye mdomo wa sungura wanaweza kushonwa bure katika hospitali zinazosaidiwa na shirika la Smile Train. Mama anayevuja mkojo baada ya uzazi mgumu, ule ugonjwa wa fistula, naye asijifiche, kuna hospitali zinazoutibu bila kumdai. Muulize mhudumu wa afya wa kijiji, na mwambie mwenyekiti wako aulizie tarehe. Tangazo likitufikia hapa studioni, tutalisoma.

Jambo la nne: ukiombwa pesa katika hospitali ya serikali, uliza kwa heshima: "Daktari, hii ni ya nini, na nitapata risiti?" Pesa yenye sababu halali haiogopi risiti. Kama umeambiwa ununue dawa nje, omba waandike majina kwenye karatasi, kisha kwanza uulize kwenye dirisha la dawa la hospitali hiyo hiyo. Mara nyingine kitu kipo, na yule aliyekuagiza hakujua.

Jambo la tano, na hili ndilo ninalolipenda: mfuko wa jamii. Wengi wenu mko katika vikundi vya kuweka na kukopa, na wengine mnacheza likelemba. Katika vikundi vingi vya kuweka na kukopa kuna kifuko cha pembeni, kidogo, cha matatizo. Mara nyingi tunakisahau, au tunakimalizia kwenye sikukuu. Hesabu pamoja nami. Watu 25, kila mmoja anatoa shilingi 500 kwa wiki. Wiki moja ni 12,500. Wiki 52 ni shilingi 650,000.

Umeiona hiyo namba? Sisi tulilipa 653,000. Kikundi kimoja, kwa shilingi 500, kingeweza kuibeba karibu yote, bila riba, bila kuuza mahindi mabichi. Na wale wanaokwenda mapema, kama jirani yetu, kifuko hicho kingesaidia watu watano kwa mwaka.

Kama kikundi chenu kitaanza, kubalianeni kanuni mapema, watu wakiwa wazima na hawana hasira. Andikeni ni ugonjwa gani unasaidiwa, ni kiasi gani, nani anashika ufunguo, nani anashika daftari. Na msimwache nyuma mama mjane asiyeweza kutoa 500. Siku yake ya kuugua haitauliza kama alitoa.

Kabla sijafunga, sikilizeni vizuri hili, kwa sababu linahusu uhai. Kuna hali ambazo hazingoji barua, hazingoji akiba, hazingoji asubuhi. Ngiri ikiwa ngumu, inauma, hairudi ndani, na mtu anatapika: ondoka sasa hivi. Mama mwenye uchungu wa kuzaa kwa muda mrefu na mtoto hatoki, au anatoka damu nyingi: ondoka sasa hivi. Mfupa umevunjika na umetokeza nje ya ngozi: ondoka sasa hivi. Tumbo limekuwa gumu kama ubao na mtu ana homa: ondoka sasa hivi. Mpigie mhudumu wa kijiji, mpigie mwenyekiti, amsha jirani mwenye pikipiki. Deni linalipwa polepole. Mtu hazaliwi mara ya pili.

Baba yangu ananisikiliza sasa hivi, redio iko mezani pake. Nilimwomba ruhusa kabla ya kusimulia habari yake. Akaniambia, "Simulia. Lakini waambie sikuogopa kisu. Niliogopa kuwaachia ninyi deni." Basi nimewaambia. Na wewe mzee unayesoma haya ukiwa umeshika ubavu wako chini ya shati, ukingoja mahindi yakomae, watoto wako wanakutaka wewe. Mahindi yatavunwa hata bila mtu mmoja shambani kwa siku mbili. Nenda kesho ukaulize.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Moja. Nani katika kijiji chetu anaishi na ugonjwa unaohitaji upasuaji na bado hajaenda? Anaogopa nini hasa: kisu, safari, au deni?

Mbili. Kutoka hapa mpaka hospitali, gari la usiku ni bei gani? Tunaweza kukubaliana bei na mwenye gari mmoja mapema, kabla ya usiku wa shida kufika?

Tatu. Kikundi chetu kina mfuko wa jamii? Una shilingi ngapi leo? Mara ya mwisho ulimsaidia nani?

Nne. Tunataka kumwambia nini kiongozi wa kituo chetu cha afya juu ya dawa zinazokosekana? Nani atapeleka neno letu?

Jibuni, andikeni, na mtuletee majibu yenu kwenye kibanda cha redio au kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Tutayasoma hewani bila kutaja majina.

Mkae salama, na atakayelala na maumivu usiku huu, Mungu amfikishe asubuhi, na asubuhi imfikishe kwa daktari.

(Muziki wa kufunga)